Mama Salma Aongeza Kasi

Juzi, kwenye duka la uchapaji mjini Newala, nilimkuta mwenye duka, Mama Salma, akijifunza kuongeza kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta yake pekee. Fundi kutoka Masasi, Baba Asha, alikuwa akimwelekeza.

"Pandisha kidogo kidogo, kisha ipe kazi uone kama inahimili joto."

Akapandisha. Kioo kikawa cheusi. Fundi akanyoosha mkono, mama akauzuia taratibu.

"Niache, Baba Asha. Ikizimika ukiwa Masasi, nitamwita nani?"

Akaiwasha upya, akairudisha kwenye kasi ya awali, akafuta jasho, kisha akaipandisha tena kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo. Ikatulia, ikafanya kazi haraka.

Wengi wetu, kioo kikiwa cheusi, tunampisha fundi kiti. Mama Salma alibaki amekalia chake.