Pipa la Buluu na Nyasi za Ndani ya Kioo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata leo sijaisahau. Keti, nikuambie polepole, maana jambo lenyewe lilikuja mbio na mimi sikuwa tayari.

Wakati huo tulikuwa tunakaa hapa hapa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, mimi Mbuyi, mume wangu Kapenda, na binti yetu wa kwanza, Mwadi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kapenda alikuwa karani, mtu wa makaratasi mchana kutwa, lakini moyo wake ulikuwa nyumbani, kwenye sanduku la kioo alilolijaza maji, samaki wadogo na kamba wa mtoni. Humo ndani alikuwa anapanda nyasi. Nyasi, mwanangu! Uani nyasi zinanishinda kwa jembe, na yeye anazipanda sebuleni, chini ya maji.

Nilimcheka sana. Alichukua kibano changu cha kung'olea nyusi, akawa anachomeka kichipukizi kimoja kimoja kwenye mchanga, kama mtu anayepanda mpunga wa sisimizi. Sukari yangu na hamira yangu vikaingia kwenye chupa yenye mpira mwembamba, ili hewa inayotoka humo iende kulisha nyasi zake. Nilipika mandazi yasiyoumuka nikanyamaza. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Wiki zikapita, vichipukizi vikatambaa, vikashikana, mpaka sakafu yote ya lile sanduku ikawa zulia la kijani. Taa ikiwaka, kila ncha ya jani ilishika kitone cha hewa. Nilikuwa nikijifanya napangusa vumbi pale, kumbe natazama. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mama mkwe wangu, Mama Chilombo, alikuja kutoka Sandoa kumwona mjukuu. Nilimwogopa, nisikufiche. Sisi kwetu ni watu wa Kasai, wao ni Balunda, kabila lingine, na nilidhani ananipima kila ninapokoroga sufuria. Yeye hakusema mengi. Alipenda kukaa mbele ya lile sanduku akimenya karanga, Mwadi kando yake.

Ulikuwa wakati wa kiangazi na bomba lilikuwa limekauka siku nyingi. Maji tulinunua kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, na nilikuwa nimechoka kuyapanga kila kona. Basi nikaenda sokoni nikapata pipa la plastiki, la buluu, kubwa, zima, lenye mfuniko. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akaniambia lilibeba mafuta ya kupikia. Bei ilinifurahisha mno. Nikaliosha kwa sabuni, nikaliacha juani, nikalijaza. Lilikuwa na harufu kidogo. Nikasema ni mafuta tu.

Asubuhi iliyofuata Kapenda aliona maji ya sanduku lake yamepungua. Akachota kwenye pipa langu, akaongeza. Mimi jikoni nikachota humo humo nikapika uji wa Mwadi. Nikaupoza, nikautia kwenye kikombe chake, nikampa ashike mwenyewe.

Ndipo nikasikia Kapenda anapiga kelele sebuleni.

"Nyasi yangu! Mbuyi, kuja uone! Bakamba beko banaruka!"

Nikasema moyoni, huyu na kamba wake. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ile mayi umetoa wapi?"

"Mu pipa ya mupya, Mama."

Mwanangu, yule mama alikuwa mzee wa magoti mabovu. Karanga zilimwagika sakafuni zote. Aliingia jikoni kwa kasi ambayo sijui aliitoa wapi, akapiga mkono wa Mwadi, kikombe kikaruka, uji ukatapakaa ukutani. Mwadi akaanza kulia. Mama mkwe ampige mtoto wangu mbele ya macho yangu, ndani ya jiko langu! Damu ikanipanda kichwani, nikafungua mdomo.

Hakuningoja. Alimshika Mwadi mdomo, akamtazama ndani.

"Amekunywa? Mbuyi, mutoto amekunywa?"

Hapo ndipo akili ilipofika. Niligeuka nikaona sebuleni, samaki wamelala ubavu juu ya lile zulia la kijani, na kamba mmoja ameruka nje amekakamaa mezani. Na uji ule ulikuwa wa maji yale yale. Sikujua amemeza kiasi gani, na mimi ndiye niliyemshikisha kikombe.

Tulimbeba hadi zahanati, Kapenda bila viatu. Mwadi alitapika njiani, akatapika tena mikononi mwa muuguzi. Tulikaa pale mchana wote. Kila akifumba macho nilimtikisa, mpaka muuguzi akaninyang'anya mtoto apate kulala. Jua lilipoanza kupoa akaamka akaomba ndizi. Nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Tuliporudi nyumbani mama mkwe alituketisha wawili. Nilingoja matusi. Alisema kidogo tu:

"Ile pipa, muliuliza bei. Juu ya nini hamukuuliza ilibeba nini? Mulikubali kila kitu chenye munaambiwa. Mu hii muji ya mabanga, majiwe ya shaba, kila kitu iko na kwenye imetoka."

Kesho yake Kapenda alikwenda sokoni na hasira zake, nami nyuma yake. Nilitaka kumshika yule kijana shati. Kapenda akamwambia yote, samaki, uji, zahanati. Kijana akajaribu kubisha, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mapipa anayatoa kwa mtu mwenye gari, na huyo mtu huyatoa kule mawe ya shaba yanakolowekwa kwa dawa kali. Habari ya mafuta aliambiwa, naye akatuambia.

Kapenda akamuuliza, "Na kwako munakunywa mayi ya wapi?"

Yule kijana alitutazama. Uso wake ulibadilika. Kisha akaacha mapipa yake yote pale, akakimbia nyumbani kwake. Hasira zangu zote zikaisha pale pale. Sijapata kujua alikuta nini.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kuuliza si ujinga. Chombo chochote kabla hakijaingia jikoni kwako, uliza kilibeba nini, na jibu rahisi usilimeze, muulize na aliyemwambia huyo anayekuambia. Viumbe vidogo vikianza kufa nyumbani mwako, usililie hasara, kimbia uwatazame watu wako. Na siku mkubwa wako akikupiga mkono kikombe kikaanguka, tazama kwanza kilichokuwemo, habari ya heshima mtazungumza mtoto akishalala.

Mungu akupe maji matamu na watu wa kukuzuia mkono. Akujalie watoto wako wakuzike wewe, wewe usimzike hata mmoja.