Pikipiki Iliyofika Msibani Peke Yake

Kule njia ya Kisorya kuna nyumba ambazo nikipita, watoto wanakimbilia ndani na watu wazima wanageuza uso, wengine kwa kucheka na wengine kwa kitu ambacho sio kucheka, na mimi nainamisha kichwa napita zangu, maana hakuna aliyenisukuma. Nilijitakia mwenyewe. Mtu mzima kabisa, baba wa watoto, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, mwenye duka la spea za pikipiki pale Bunda mjini, nikaamua nijifunze kunyanyua tairi la mbele.

Sababu ni ya kijinga. Nauzaga spea siku nzima kwa vijana wa bodaboda, najua kila nati inakaa wapi, ila wakianza kuonyeshana video zao wakiwa wamesimamisha pikipiki kwa tairi moja la nyuma, mimi nabaki nafuta vumbi kwenye makopo ya oili kama mtu ambaye hakualikwa. Siku moja nikamwambia Masatu, dereva mmoja mteja wangu, anifundishe kimyakimya. Masatu ni mdogo kwangu, ananiita kaka, na hakucheka (alicheka baadaye, nilisikia).

Akanipeleka kwenye kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, njia hiyohiyo ya Kisorya, karibu na ziwa, kilichofungwa siku nyingi. Kina uwanja mpana wa saruji, hakuna watu, geti lilishaibiwa, na uwanja unainama kidogo kuelekea kwenye mashamba na nyumba za chini. Sikukipenda tangu siku ya kwanza. Ukizima injini pale unasikia mabati ya paa yanajikunja kwa joto, tak, tak, kama mtu anatembea juu yako, ukiinua macho hamna mtu. Masatu mwenyewe alikuwa hageuzi mgongo kwenye lile jengo. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mazoea tu, kaka."

Lakini kufundisha alijua. Helmeti, glavu, buti. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, unavuta mafuta kidogo, tairi linanyanyuka kiganja kimoja kutoka chini, unalirudisha. Basi. Hamna kujionyesha. Na mguu wa kulia ukae juu ya breki ya nyuma muda wote, maana pikipiki ikitaka kukupindua, ukigusa tu ile breki pua inashuka yenyewe. "Mguu ukitoka hapo, kaka, wewe sio dereva tena, wewe ni mzigo," aliniambia. Na jambo la mwisho alilirudia kila tukikutana: usijaribu peke yako.

Jumamosi moja mchana akanipigia simu. "Kaka, leo tunamzika mwenzetu wa kijiweni, yule aliyegongwa na lori. Njoo tuzike kwanza, halafu tutaendelea. Ukifika kiwandani kabla yangu, usiwashe."

Nikasema sawa. Wala sikuuliza wanazika wapi. Marehemu nilikuwa simjui, suti yangu ilikuwa kwa dobi, na ukweli ni kwamba wiki nzima nilikuwa nawaza lile tairi tu. Nikaenda zangu kiwandani. Nikajiambia nitapasha injini moto tu. Ilikuwa inazimika-zimika, nikaongeza mafuta ya kuungurumia kwenye kabureta (fundi spea, si mnajua) ili isizimike hata nikiiachia. Hiyo nayo ikumbukeni.

Nikiwa bado nafunga helmeti, jua likapungua. Nikageuka ziwani nikaona moshi mweusi umesimama juu ya maji, mrefu kuliko minara ya simu, unakuja. Sio moshi. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanapandaga kwa mamilioni halafu upepo unawasukuma nchi kavu. Nimezaliwa Musoma, nimewaona tangu utoto, lakini sijawahi kuwa ndani yao peke yangu, mahali kama pale. Walipofika, uwanja ukawa wa kijivu, sikuona tena kuta za kiwanda. Na wana sauti. Sio kelele, ni kama watu wengi wamekaa mbali wananong'ona neno moja hilohilo.

Halafu nyuma ya ule mnong'ono nikasikia kuimba. Taratibu, sauti za wanawake, kutoka mahali ambapo sikupaona. Nikajiambia ni redio ya mtu. Mwili wote ulikuwa unaniambia ondoka, na mimi, badala ya kuondoka, nikasema ngoja nijaribu mara moja tu kabla sijaondoka.

Nikaweka gia ya kwanza, nikasogea, nikavuta mafuta. Hapohapo wadudu wakaingia ndani ya kioo cha helmeti, machoni, puani, nikashtuka, mguu wa kulia ukaruka kutafuta ardhi, na mkono ukavuta badala ya kuachia. Pikipiki ikasimama wima mbele yangu kama ng'ombe anayekataa kamba. Nikaona taa yake ikiangalia juu, ndani ya lile giza la wadudu, halafu nikakaa chini kwa makalio, kishindo ambacho nakisikia mpaka leo baridi ikija.

Nilitegemea iniangukie. Haikuniangukia. Ilishuka kwa tairi la mbele, ikayumba, ikanyooka, na kwa kuwa nilikuwa nimeitengeneza isizimike, ikaondoka. Taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, bila mtu juu yake, taa inawaka, ikafuata mteremko, ikapita katikati kabisa pale geti lilipokuwa, ikaingia kwenye wadudu, nikawa naisikia tu.

Kuimba kukakatika.

Pakawa kimya, injini peke yake, halafu injini nayo ikanyamaza. Kisha akalia mwanamke mmoja, sauti moja ndefu. Nikajua nimeua mtu. Nikainuka, nikaanza kushuka nikichechemea, nasema Mungu wangu, Mungu wangu, ndani ya helmeti.

Niliyoyakuta ni haya. Ua wa nyumba, turubai, viti vimepinduka, watu wamejibana nyuma ya nyumba na nyuma ya migomba. Jeneza liko juu ya meza peke yake. Pembeni kuna kaburi, na pikipiki yangu nyekundu imechomeka tairi la mbele kwenye lundo la udongo mbichi, imesimama, taa bado inawaka, inaangalia jeneza. Hakuna aliyeguswa. Mama mmoja mzee tu ndiye hakukimbia. Alikuwa amesimama mbele ya pikipiki, mikono yote miwili kwenye usukani.

Akaniona. Sasa nifikirieni nilivyokuwa: mweupe kwa vumbi la saruji, juu yake wadudu wamenigandia mwili mzima wanatembea, kichwani helmeti imefungwa, uso hauonekani, nachechemea kutoka upande ambao hakuna nyumba. Na mtoto wake, yule aliyegongwa na lori, alikufa akiwa amevaa helmeti, juu ya pikipiki nyekundu.

"Bwire," akasema. "Umechelewa."

Nyuma ya migomba watu wakaanza kusali. Mzee mmoja, baba mdogo wa marehemu nilikuja kujua, akasogea ameinua fimbo. "Kama ni mtu, vua hicho kichwani."

Nilitaka kuvua. Kifungo cha mkanda kikagoma. Ni helmeti ya dukani kwangu, ile ya bei rahisi, wateja walishanilalamikia nikawaambia hawajui kuifungua. Nikavuta, nikazunguka, nikapiga magoti navuta, na kadiri nilivyohangaika ndivyo watu walivyozidi kurudi nyuma, mpaka Masatu alipotoka nyuma ya ghala na suti yake, akanifungua mwenyewe. Akawageukia watu.

"Ni kaka yangu wa spea," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Hofu ikigeuka hasira huwa inageuka haraka. Wenzake marehemu wa kijiweni walinizunguka, mmoja ameshashika koleo, na nilijua nastahili. Yule mama akasema, "Mwacheni." Wakaniacha. Akaniangalia uso kwa muda, kama anayehakikisha.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, mama. Nisamehe, mama."

"Iwashe."

Nikamwangalia Masatu, akainamisha kichwa. Nikaichomoa kwenye udongo wa kaburi, nikaweka gia huru, nikapiga kiki. Ikawaka. Mama akafumba macho. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba mwanae alikuwa anarudigi usiku sana, na yeye alikuwa halali mpaka aisikie pikipiki ikipanda uani halafu ikizimwa. Siku ile hakuisikia, na tangu siku ile hajalala.

Tukasimama. Ua wote ulikuwa unasikiliza injini yangu, wadudu wanaanguka juu ya jeneza kama unga, hakuna aliyewapangusa. Nilikuwa nimeshika usukani, naogopa isije ikazimika kabla hajasema.

Mwisho akafumbua macho.

"Zima. Ameshafika."

Nikazima. Wakamzika. Nilibaki mpaka mwisho, nikatupa udongo kama wengine, na hakuna aliyeongea na mimi.

Masatu ameniambia mara nyingi tuanze upya, mahali pengine, na mguu kwenye breki. Nimekataa, na sitanyanyua tairi tena mpaka nitakapokufa. Na nikipita njia ile kwenda Kisorya, pikipiki naizima nikiwa bado mbali, nashuka, naisukuma kwa mkono mpaka nyumba ziishe. Yule mama bado anaishi pale, na kitanda chake, Masatu anasema, kiko chumba cha mbele, upande wa barabara.