Nilivyongoja kaa wa mtoni ajivue gamba hapa Nyanchwa

Wakuu, salamu kutoka Kisii. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Nasomea zoolojia hapa town. Project ya mwisho nilifanya na Akinyi, classmate wangu wa kutoka upande wa ziwa. Tulitaka kuona kaa wa mtoni wakijivua gamba.

Gamba la kaa halitanuki. Ili akue lazima alivue, avimbe akiwa bado laini, kisha jipya ligande.

Kaa tuliwatoa kijito cha kwetu Birongo, tukawaweka kwa mabeseni kwangu Nyanchwa. Hakuna aliyejivua. Muda ukaanza kutuishia, na bila data hakuna kugraduate.

Sasa elewa hapa. Ndani ya kikonyo cha jicho la kaa, kale kajiti kanakobeba jicho, hutoka homoni inayozuia kujivua. Ikipungua, tezi zingine huachilia homoni ya kujivua. Ndiyo maana kuna watu hukata vikonyo kuharakisha mambo.

Akinyi akashika makasi. "Moraa, tukate tumalize."

Nikamwangalia kaa wetu mkubwa, jike. Alikuwa ameshapoteza gando moja, ule mkono wa kubania, kwa vita.

"Na macho pia? Huyu hapana. Tumngoje."

Akinyi alinuna, lakini akakubali. Tukawa tunambadilishia maji, tukampa jiwe la kujificha na vipande vya dagaa wa omena. Pale gando lilipong'oka pakaota kichipukizi.

Halafu akaacha kula.

Landlady, Mama Nyaboke, akachungulia. "Moraa, hiyo kitu inakufa. Tupa kabla ianze kunuka."

Asubuhi moja nikamkuta amelala ubavu, hatingishiki. Nilimpigia Akinyi simu nikilia. Alipofika akamwinua.

"Mbona mwepesi hivi?"

Lilikuwa gamba tupu, hadi la macho! Tukainua jiwe. Yuko hapo, laini kama ndizi iliyoiva, amezidi ukubwa wa jana, na gando jipya, dogo, limekunjuka.

Tulipiga nduru mpaka Mama Nyaboke akaja mbio. Akatazama gamba, akatazama kaa.

"Kwani huyu amejizaa?"

Kaa wengine nao wakajivua, na project ikapita.

Nilichojifunza: kiumbe akinyamaza na kukataa chakula, usikimbilie kumzika. Pengine ana kazi ndani.

Sasa mimi na mama yangu tunachimba kidimbwi cha kaa huko Birongo. Kama umewahi kufuga kaa, niambie hapa chini: uliwazuiaje wasilane wakiwa laini?