Kompyuta Nane na Jina la Uongo

Waliompa jina la Fundi Kimya hawakumwonea. Mteja akiingia kwenye kichumba chake nyuma ya duka la fotokopi, alipokea kompyuta kwa mikono miwili, akaandika jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta, akakibandika juu yake. Basi, mazungumzo yameisha. Shule aliishia ya msingi. Mengine aliyapata kwa kufungua na kufunga, na kwa kusoma Kiingereza cha mtandaoni neno moja moja huku kidole kikifuata mstari.

Kazi ya shule aliipata kwa mdomo wa shemeji yake, dada wa mkewe, ambaye alikuwa karani pale. Shule ilikuwa imepewa laptopu nane kuukuu za aina moja, nzito kama mawe ya kusagia, na mfumo wake ulikuwa unajikokota. Mwalimu Mkuu alitaka fundi mwenye cheti.

"Cheti hana," shemeji alisema, "lakini mikono anayo. Mimi namdhamini."

Fundi Kimya akaziwekea zote mfumo mpya, mwepesi, wa bure. Zikawaka vizuri, ila zilikuwa na kasoro moja: ukifunga kifuniko kompyuta ikalala, ukiifungua kioo kinabaki cheusi tii. Alihangaika nazo siku nne. Mwishowe akaelewa ugomvi ulipo. Kila mfumo una kiini, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na vyuma. Na kila kompyuta ina programu ndogo ya kiwandani, imechomwa ndani ya chipu, inayosimamia mwanga, betri na feni. Kompyuta ikiwaka, programu ile hukiuliza kiini: wewe nani? Kulingana na jina itakalotajiwa, inaamua kazi gani ifanye yenyewe na kazi gani imwachie mgeni, yaani mfumo uliowekwa. Watengenezaji wa laptopu zile walikuwa wameiandika kwa mtindo wao, tofauti na wenzao wote.

Akasoma mahali kwamba kiini kinaweza kuamriwa kitaje jina jingine. Akaongeza mstari mmoja wa amri kwenye mfumo. Akafunga kifuniko, akafungua. Kioo kikawaka! Alicheka peke yake kichumbani.

Alisikia pia kitu kingine, au tuseme hakukisikia. Feni ilikuwa kimya. Alitega sikio kidogo, akajiambia mashine imetulia, kwani ina kazi gani ya kuhemea? Akaingiza mstari ule kwenye zote nane, akazipeleka.

Mwezi wa pili tangu azipeleke, shemeji, aliyepewa moja ya zile nane, akampigia simu. "Shemeji, hiki kidude chako kinajizima."

"Kiache kipoe. Uwashe tena."

Wiki iliyofuata akapiga tena, naye akamjibu maneno yale yale. Mara ya tatu kompyuta ilizima moja kwa moja, haikuinuka.

Alipoifungua mezani, ubao wa saketi ulikuwa umebadilika rangi karibu na chipu kubwa, na harufu ya kuungua ikamjaa puani. Diski ilikuwa nzima, kumbukumbu za wanafunzi akaziokoa zote. Ila sasa alijua kosa ni lake. Kwa lile jina la uongo, programu ya kiwandani ilidhani imempata mgeni anayejua kuendesha feni mwenyewe. Kila kompyuta ikiamka usingizini, ilimwachia kazi hiyo. Na kiini hakikuwa na habari. Walimu wengine waliacha kompyuta zao wazi mchana, wakazizima jioni, kwa hiyo hazikulala wala kuamka. Shemeji ndiye aliyefunga kifuniko kila mgeni alipoingia ofisini, asije akaona alama za watoto. Uangalifu wake ndio uliomponza.

"Imekufa kwa nini?" Mwalimu Mkuu alimuuliza.

"Imepata joto."

"Ndiyo hayo! Huyu mama anaitia kwenye begi ikiwa inawaka. Nilijua tu."

Hapo ndipo pa kusema. Fundi Kimya akatazama viatu vyake. Watu wakadhani ni aibu zake za kila siku. Karani akapewa barua: ajieleze kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, kwa nini asiondolewe kwenye nafasi yake kwa kuharibu mali ya shule.

Siku tisa Fundi Kimya alikula bila kusikia ladha. Mkewe alimwambia, "Dada analia, na wewe hata pole humpi. Kwani ulizaliwa bila ulimi?"

Katika siku hizo alipekua upya kurasa alizosoma zamani, akakuta dawa ya kweli ilikuwa ukurasa wa pili, pale alipochoka na Kiingereza: acha jina la kawaida, amuru tu mwanga wa kioo usimamiwe na kiini chenyewe. Mstari mmoja vilevile. Akakata shauri kuzirekebisha saba zilizobaki kimyakimya. Siku ya kumi akaenda shuleni na brashi mkononi, akasema amekuja kupangusa vumbi.

Walimu wakamkaribisha kwa utani. "Fundi, mpanguse na mwalimu wa hesabu, naye anajizimazima!"

"Mimi nikizima nawaka mwenyewe," mwalimu wa hesabu akajibu. "Si kama ile ya karani."

Wakacheka. Fundi Kimya akainama. Kila mashine aliifutia mstari wa zamani, akaandika mpya, akailaza, akaiamsha, kisha akaweka kiganja kwenye tundu la pembeni mpaka pumzi ya feni impige. Alikuwa kwenye ya nne shemeji alipoingia na kikombe cha chai.

"Kunywa, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeandika barua yao. Nimekubali kwamba huenda niliiweka vibaya, nibakishwe tu kazini. Nakushukuru. Hapa wote wamenisema, wewe peke yako hujatia neno."

Kikombe kikamtoka Fundi Kimya mkononi, chai ikamwagika juu ya meza.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyeiua. Feni ilikuwa haizunguki. Mstari niliouweka mimi. Hukukosea kitu."

Shemeji hakutabasamu, wala hakushusha pumzi kama fundi alivyotarajia.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile niliyoifungua."

"Siku kumi!" Akamsogelea. "Siku kumi unakuja kwangu, unakula mezani kwangu, unaniona ninavyovimba macho. Hata nilipokupigia simu mara mbili, ukaniambia iache ipoe!"

"Nisamehe, shemeji."

"Sijui kusamehe kwa haraka hivyo. Twende kwa Mwalimu Mkuu."

Mwalimu Mkuu alimsikiliza, akamwomba arudie mara mbili hiyo habari ya jina, na mara zote mbili hakuelewa. Alichoelewa ni neno mimi. "Basi liandikwe," akasema. "Bodi ya shule haipokei maneno ya mdomo. Karani, mchapie."

"Simchapii," shemeji akasema. Akaitoa barua yake mwenyewe kwenye faili, akaichana mara mbili mbele yao. Kisha akamwekea fundi karatasi nyeupe na kalamu. "Aandike kwa mkono wake. Aanze na simu yangu ya kwanza. Asiruke kitu."

Akavuta kiti, akaketi mkabala naye. Fundi Kimya akajifuta jasho, akaandika tarehe, akainua macho.

"Ile simu ya kwanza," akauliza, "ilikuwa Jumatatu?"

"Jumatano," shemeji akamjibu. "Andika."