Jezi ya Kipa

Nikinusa udi kwenye harusi, sioni bibi harusi. Naziona jezi za njano za klabu ya mtaa wetu. Mama ndiye aliyekuwa akizifua. Zikikauka huzitandaza juu ya tenga, akaweka chetezo cha udi chini, nami hushika pembe zisiungue. Wachezaji wetu waliingia uwanja wa Mnazi Mmoja wananukia kama mabwana harusi.

Klabu ilipovunjwa, jezi zilibaki kwetu. Mama hakutaka kuweka nguo zenye jasho sandukuni, akazifua na kuzifukiza kama kawaida.

Miezi ikapita. Siku moja akaja mama yake kipa. Mwanawe alikuwa amevuka bahari kwa siri, na hakuna aliyejua kama alifika.

"Nimekuja kuomba jezi yake, mwenzangu. Sina nguo yake nyengine."

Mama akampa kwa mikono miwili. Yule bibi akajifunika nayo uso, akavuta pumzi, kisha akavuta tena.

"Kumbe umeifua," akasema.

"Naam, na udi nshaitia," mama akajibu kwa furaha.

Yule bibi akaikunja vizuri, akamrudishia.