Filimbi Iliyofukizwa Moshi

Maige alikuwa mtu wa kutunza vitu, na hilo hata wasiompenda hawakulibishia. Kwa miaka kumi na minane alipaka grisi mashine za kinu cha kuchambulia pamba, na siku alipopunguzwa kazini, mwaka tisini na nne, mashine alizoziacha ziling'aa kuliko viatu vya meneja. Zikauzwa kama vyuma chakavu. Maige akarudi nyumbani kwake Butimba, akakaa kibarazani, akabaki na binti mmoja, Odeta, na maneno mengi ya kujisifu ambayo hakuwa tena na wa kuyasikiliza.

Odeta alimaliza darasa la saba na jina lake halikutoka kati ya waliochaguliwa sekondari. Walikuwa wengi ambao majina yao hayakutoka, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, ila nyumba nzima ilipoteza hamu ya kula. Kisha zikaja habari kwamba masista wa ng'ambo ya Busisi wanafungua shule ya wasichana yenye bendi, na kwamba wasichana sita wenye kujua kupiga filimbi watasoma bila ada. Jirani yao, Mwalimu Antoni, aliyekuwa akifundisha muziki, alikubali kumnoa Odeta kwa miezi mitatu.

"Lakini awe na filimbi yake," alisema. "Mchukulie ya plastiki. Mtoto anayeanza anahitaji matundu yanayofikiwa na vidole vyake, na kitu cha kuosha kwa sabuni, kikianguka kiokotwe. Ile ya mti ni ya mtu anayejua kuitunza. Haitaki jua, haitaki moto."

"Kutunza najua, mwalimu," alijibu Maige.

Wakaenda mjini dukani kwa Sadru. Biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, na rafu ambazo zamani zilikaa tupu sasa zilijaa vitu vya kontena: sufuria, saa, wanasesere, na filimbi za plastiki ndoo nzima. Odeta alichukua moja ya rangi ya maziwa, akapuliza, ikalia safi. Akatabasamu. Maige akaipokea, akaigonga kwa ukucha, akaikunja kidogo.

"Hiki ni kikombe cha uji," alisema. "Mzee Sadru, huna kitu cha kweli?"

Sadru akatoa kwenye kabati la kioo filimbi ya mti, nyeusi, ya zamani. "Ninayo hii. Lakini ndugu Maige, anayepuliza ni mtoto, si wewe."

Ndiyo hivyo, mtu aliyekwisha kunyang'anywa kila kitu hapendi kuambiwa achukue cha plastiki. Maige alichagua ya mti. Odeta aliitazama ile nyingine ikirudishwa kwenye ndoo, kisha akasema, "Ahsante, baba."

Na alipiga vizuri, yule mtoto, niseme ukweli. Vidole vilikuwa virefu, matundu yalimpa shida wiki mbili tu. Mwezi wa pili majirani waliacha kulalamika. Mwezi wa tatu walikuwa wakisogea karibu na dirisha.

Mwezi huohuo mvua zilinyesha, na filimbi ikaanza kunuka mate na kutoa sauti ya mafua. Maige aliinusa, akacheka. Harufu ile aliijua tangu utotoni, ng'ambo ya Magu, ambako mama yake alikuwa na vibuyu vya maziwa vilivyorithiwa kutoka kwa bibi. Kibuyu kikianza kuchacha hukitupi. Unakifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto, unakipaka samli, kinadumu kuliko aliyekichonga. Akatafuta makaa na vijiti vya mti uleule aliotumia mama yake, akaishika filimbi juu ya moshi, akiigeuza polepole.

Odeta alirudi kutoka kisimani akamkuta hivyo.

"Baba, Mwalimu Antoni alisema isikae karibu na moto."

"Huu si moto, mwanangu. Ni moshi."

Odeta alisimama mlangoni. Alitaka kusema jambo jingine, ila kumsahihisha baba mara mbili si adabu, naye alilelewa. Akatua ndoo yake ya maji. Kibaya zaidi, kesho yake filimbi ililia kwa nguvu kwa sababu ilikuwa imekauka, na Maige akajiona fundi. Akaifukiza kila jioni kwa siku tisa.

Siku ya majaribio walivuka ziwa kwa pantoni asubuhi, Maige akiwa ndani ya koti la kuazima. Sista Modesta, aliyesimamia majaribio, aliwapokea katika chumba cha muziki, akamketisha Maige kwenye benchi. Odeta akapuliza. Ilitoka pumzi tupu, kama mtu anayepoza chai. Akapuliza tena. Sista aliichukua, akaigeuza, akaona ufa kutoka mdomoni mpaka tundu la kwanza. Akainusa.

"Nani aliiweka kwenye moto?"

"Mimi, Sista," alisema Odeta, bila kumtazama baba yake. "Niliisahau jikoni."

Sista hakumkaripia. Alimpa filimbi nyingine ya mti apige, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Vidole vyako ni vizuri sana. Lakini filimbi zetu tumepewa msaada, na ni hizi tu. Siwezi kumkabidhi anayesahau filimbi jikoni." Akamgeukia Maige. "Mzee, una la kusema?"

Kusema kulikuwa rahisi. Ni mimi, Sista, mtoto hana kosa. Lakini Maige aliona jinsi atakavyotazamwa, mtu mzima na koti lake, aliyefukiza filimbi kama kibuyu.

"Hapana, Sista," alisema.

Walitembea robo saa mpaka kivukoni. Pantoni ilikuwa imetia nanga ikisubiri lori la ng'ombe. Wakapanda, wakaketi. Maige akamgeukia binti yake.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Wangekucheka, baba."

Alisema bila uchungu, kama anayeeleza bei ya chumvi, na Maige akatamani binti yake amtukane. Lori lilikuwa bado linapanda, nyuma kwanza, utingo akipiga bodi kwa kiganja. Sista alikuwa na wasichana wa kusikiliza mpaka saa kumi, na ilikuwa bado haijafika saa nane. Robo saa ya kurudi. Maneno matatu ya kusema. Akajiambia, lori likikaa sawa nitashuka.

Lori likakaa sawa. Utingo akaweka magogo kwenye matairi. Odeta alimtazama baba yake, mara moja tu, kisha akageukia maji. Mlango wa pantoni ukaanza kuinuliwa kwa mnyororo, polepole, ukiacha nafasi ya mtu kupita, kisha nafasi ya mtu kuruka. Maige alikuwa ameketi palepale.