Mwanamke wa Havana Aliyeuliza Majina

Lililomtisha Muhiddin kwanza ni Kiswahili chake. Hebu niambie, mwanamke wa Cuba, mzaliwa wa Havana, mfagiaji wa eapoti ya Heathrow, amejifunza wapi kuamkia watu "sabalkheri" kwa lafudhi ya Ng'ambo ya mji wa Unguja kabisa, lafudhi ya mtu aliyepanga foleni mferejini na kugombana na majirani? Muhiddin alikuwa mpakizi wa mizigo hapohapo. Alipomsikia kantini, baridi ya mwaka 1983, akapaliwa na chai.

Alijiita Marcelina. Kwa rangi ungesema mtu wa Tanga. Umri hamsini na kitu, na kificho hana hata chembe, jambo ambalo ndilo lililozidi kumtia Muhiddin wasiwasi. Bila kuulizwa alisimulia maisha yake yote juu ya sahani moja ya chipsi. Alianza kazi ya gazeti na miaka ishirini, akiandika habari za mavuno ya miwa na matangazo ya vifo. Mwaka 1962 walipofika Havana vijana wa Kizanzibari kufunzwa uaskari, mhariri akamtuma awaandike. Wao wakamfunza Kiswahili, yeye akawafunza Kihispania, na baada ya Mapinduzi gazeti likampeleka Unguja akakaa mwaka mzima. Miaka ilipopita akaandika kitabu kuuliza wale vijana wameishia wapi, maana wengi walikuwa wametiwa ndani na watu waliokula nao sahani moja. Kitabu hakikuchapwa. Yeye akafukuzwa kazi, akahojiwa wiki tatu, mwisho akapata njia ya kutokea, akaangukia London, mwaka wa tatu sasa. Asubuhi anafagia, jioni anaandika kitabu kilekile upya.

"Na wewe mwenzangu, jina lako nani?" akauliza, na mkono wake ukatoa daftari.

Daftari tena! Muhiddin akasema anaitwa Abdulsamad. Hakulitunga pale, usimwonee. Aliingia Uingereza mwaka 1965 kwa pasipoti ya marehemu binamu yake Abdulsamad, na karatasi zake zote mpaka leo zina jina hilo. Wenzake wengi waliokimbia walikuwa hivyo hivyo. Jina la kweli lilikuwa la nyumbani, halitolewi nje. Na sababu alikuwa nayo: mama yake alikuwa bado Unguja, na barua zake zilifika zimefunguliwa na kugandishwa tena ovyo. Mtoto akisikika anazungumza na waandishi London, atakayeitwa kuhojiwa ni yule bibi kizee.

Kila barua ya mama iliuliza jambo moja, bila kutaja jina: na yule mwenzio, hujamsikia? Yule mwenzio ni Vuai, kaka yake Muhiddin, mmoja wa vijana wale wa Havana. Alikamatwa mwaka 1972. Baadaye wakasema ametoka, lakini hapana aliyemtia machoni. Yu hai au amekufa, Muhiddin hakujua, na miaka kumi na moja alikuwa akiuliza chini kwa chini. Sasa mbele yake kakaa mtu anayewajua vijana wale mmoja mmoja, naye hathubutu kufungua mdomo.

Wiki ya pili Marcelina akamuuliza kama anamjua mtu aitwaye Muhiddin, wa Ng'ambo, mdogo wake Vuai. Akajibu hamjui. Alirudi nyumbani Hounslow, akamwambia mkewe Mardhiya kwamba wamemfikia, yule ni shushushu, ametumwa. Akabadilisha shifti. Akawa anaingia kazini kwa mlango wa nyuma. Miezi mitatu aliishi hivyo, mtu mzima mwenye mvi, akichungulia korido kabla ya kwenda kunywa chai.

Mardhiya alikuwa akilea wazee kwenye nyumba ya kutunzia, na hakuwa mtu wa kutishika. Alimwacha aseme mpaka akachoka. "Baba Zainab," akamwambia, "shushushu gani atasugua vyoo miaka mitatu? Ungekuwa wewe ungekubali?" Kisha akaacha mzaha. Alimkumbusha kwamba mama ana miaka themanini, na barua ya mwisho imeandikwa na jirani. Akifa hajajibiwa, alimuuliza, nani atabeba hilo?

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake alikwenda kantini kwa mlango wa mbele, akaketi, akasema yeye ndiye Muhiddin.

Marcelina akafunga daftari. Uso wake ulikunjamana.

"Miezi yote hii ulikuwa Abdulsamad, tena ukinikimbia," alisema. "Leo umekuwa Muhiddin. Nani amekutuma?"

Yarabi! Muhiddin alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Aonyeshe karatasi gani? Zote za marehemu binamu. Marcelina naye alikuwa amehojiwa wiki tatu, haamini mtu kwa sura. Akamtaka ataje jina la mama yao, na jina ambalo mama alimwita Vuai utotoni.

Muhiddin alitazama meza za jirani. Jina la mama alikuwa hajalitamka mbele ya mgeni tangu atoke kwao. "Bi Mize binti Juma," alisema. "Na Vuai alimwita Kitumbo."

Marcelina alijifunika uso kwa kitambaa cha kazi, akalia. Vuai yu hai, alisema. Yuko Stratford, mwaka wa tano sasa, anasafisha mabehewa ya treni kwa jina jingine, na haendi penye Wazanzibari hata kwa maziko. Ni yeye aliyemwomba amtafute mdogo wake. Akaandika namba ya simu.

Jumapili mchana Muhiddin alipiga, Mardhiya kasimama kando yake jikoni. Aliyepokea alikuwa na sauti ya marehemu baba yao hasa. Muhiddin akasema anamtaka Vuai.

"Hapa hakuna Vuai. Umekosea namba."

Alijua kabisa anazungumza na nani. Angeweza kumpigia kelele, kumlilia, kumtukana.

"Samahani, bwana," alisema. "Ila ukikutana naye, mwambie Bi Mize yu hai. Anamuulizia kila barua."

Muhiddin alingoja simu ikatwe, haikukatwa. Alisikia mtu anavuta pumzi, halafu ile sauti ikauliza polepole:

"Huyo bibi, siku hizi anaishi na nani?"